Mlango wa Seremala

Sura ya Tano

Jalada lilikuwa jembamba, na Inspekta Kobe hakupenda majalada membamba. Mtu amefia chini ya ukuta wa nyumba yake mwenyewe, mchana kweupe, katapila la serikali likinguruma nje, halafu habari yake yote ienee kwenye karatasi sita! Alizipitia tena ndani ya gari. Ripoti ya daktari. Maelezo ya dereva wa katapila. Nakala ya notisi ya kutwaa kiwanja. Hati ya kiapo ya tarishi aliyeipeleka. Picha moja ya rangi. Mwisho kabisa, barua ya Afisa Ardhi iliyosema kwa lugha laini kwamba marehemu "alikaidi amri halali."

"Mkuu anataka lifungwe leo saa kumi," Sajini alimkumbusha huku akizima gari. "Amesema neno la kuandika ni ajali."

"Nimemsikia."

"Nakukumbusha tu, afande. Maana wewe ukishaanza kuinama..."

Hakumalizia, wala haikuhitajika. Kituoni walimbandika jina la Kobe kwa dhihaka, kwa ajili ya mwendo wake. Miaka ilivyopita dhihaka ikageuka tahadhari, kwa kuwa kila mtu anajua ukimwona kobe ameinama, anatunga sheria. Yeye mwenyewe alikwisha lizoea. Hata mama yake mzazi siku hizi alimwita hivyo kwenye simu.

Mtaa ulikuwa umelazwa chini wote. Majirani walikwisha lipwa na kuhama, lakini kiwanja cha marehemu, ambaye mtaa mzima ulimwita Seremala, hakikuwamo kwenye ramani ya kwanza. Barabara ilipindishwa baadaye, ndipo notisi yake ikaandikwa. Kobe hakuwa mwanasheria, ila ibara ile ya katiba aliijua kwa moyo kama sala: mtu hanyang'anywi mali yake ila kwa sheria, kwa haja ya umma iliyo wazi, kwa fidia ya haki, na baada ya kuarifiwa na kupewa nafasi ya kusikilizwa na mahakama. Siku za kuarifiwa ni tisini. Kama tarishi aliipeleka notisi siku aliyoapa kuipeleka, basi siku tisini zilitimia, katapila lilikuja kihalali, na aliyekufa alikufa kwa ukaidi wake. Kama hakuipeleka, waliolituma lile katapila walikuwa wavunja nyumba kama wavunja nyumba wengine, na kifo kilichotokea kingekuwa na jina jingine.

Kwa hiyo alikuja kutazama mlango. Kiapo kilisema: *Nilibandika notisi mlangoni kwa mhusika kwa misumari minne.* Misumari minne huacha matundu manne. Kuyahesabu ni kazi ya dakika tano.

Mjane alikuwa amekaa juu ya meza ya kurandia, miguu inaning'inia, mkononi ana kikombe cha chai ambacho hakuwa anakinywa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kuniondoa na wewe?"

"Hapana mama. Pole sana kwa msiba. Nimekuja kuangalia mlango wenu wa mbele."

Mjane alimtazama kama mtu anayeambiwa utani matangani. Kisha akanyoosha kidole.

Fremu ya mlango wa mbele ilikuwa bado imesimama, na kipande cha tofali kila upande, nyuma yake hakuna kitu ila kifusi. Kobe akaenda, akaitazama kwa muda mrefu. Ilikuwa fremu ya zamani, imelala kidogo kushoto kwa sababu nyumba ilikwisha titia upande mmoja. Mahali pa bawaba palibaki alama tu, na matundu ya skrubu yalikwisha jaa utando wa buibui. Juu kulikuwa na waya uliofungwa kwenye misumari miwili, na kwenye waya kipande cha pazia la maua.

"Mama, mlango wenyewe uko wapi?"

"Upi?"

"Huu wa hapa."

"Hatukuwa na mlango." Alisema kama anavyosema mtu hatuna chumvi. "Huu mwezi wa tano sasa hatuna. Nyumba ya seremala, mwanangu, inafungwa kwa pazia! Kinyozi hajinyoi. Mtaa mzima walilala nyuma ya milango aliyoitengeneza yeye, mimi nalala kuku wakipita wanavyotaka."

"Mlango ulikwenda wapi?"

"Alimpa mteja. Mkubwa mmoja alikuwa na haraka, wageni wake wanafika Jumatatu, na mbao za oda yake hazijakauka. Basi bwana akaja na bisibisi yake, akaung'oa wetu. Akaniambia, 'Usinune mama watoto, wiki ijayo nakutengenezea mwingine.' Wiki ijayo! Unawajua mafundi. Kila Jumamosi namuuliza, na kila Jumamosi ni wiki ijayo."

"Mkubwa gani huyo?"

"Hakunitajia. Ya kazini aliyaacha kazini."

Kobe akatoa ile picha kwenye jalada. Ilionyesha mlango wa mninga, notisi katikati, tarehe imechapwa pembeni: miezi mitatu iliyopita. Mjane akaishika mbali na macho kama wafanyavyo watu wasio na miwani yao. Akakiweka kikombe kando.

"Huu ni wetu," alisema. "Fundo hili hapa chini ya kitasa, kama figo. Nimelipangusa miaka ishirini." Akageuka kuitazama fremu tupu, akairudia picha. "Sasa walibandikaje karatasi kwenye mlango ambao haupo?"

"Ndilo ninalojiuliza."

Mjane aliiweka picha mapajani. Aliposema tena, sauti ilikuwa ya chini na imepoteza utani wote.

"Mwanangu, nikuambie kitu. Kiwanja wachukue. Siwezi kupigana na barabara. Lakini pale msibani watu wananong'ona kwamba karatasi aliipata, akanificha. Asubuhi ile nilikuwa nakwenda kliniki. Akanisindikiza mpaka hapo kwenye pazia, akaniambia nisiharakishe kurudi. Kama alijua wanakuja, akanitoa nyumbani ili abaki afe na nyumba yake, basi miaka thelathini na minne nimelala na mtu nisiyemjua. Hilo tu. Niambie hilo tu, alijua au hakujua."

Kobe hakumpa ahadi. Alikwisha ona wapelelezi wanaogawa ahadi kama peremende, na alikwisha ona nyuso za waliozipokea. Alimshika mkono tu, akausikia ni wa baridi, akauachia.

Akapita upande wa karakana. Bati lilikuwa limeanguka juu ya mashine ya kuranda, na chini ya bati, juu ya vibao viwili, kulikuwa na mlango mpya. Ulikuwa bado haujapigwa vanishi. Vumbi la mbao lilikuwa juu yake, na penseli imevunjika kando.

"Wa nani huu?"

"Sijui. Wa mteja fulani. Ndio aliokuwa anauranda. Mashine ikiwaka husikii hata radi, ndiyo maana hakusikia honi ya katapila."

Kobe akainama. Akapitisha kidole kwenye ukingo wa juu, akatoa futi, akapima kushoto, akapima kulia. Upande mmoja ulizidi mwingine kwa upana wa vidole viwili.

"Mumeo alikuwa mtu wa kukosea vipimo?"

"Yeye?" Mjane alikaribia kukasirika. "Alikuwa anaona nywele iliyopinda!"

Kobe akaandika vile vipimo kwenye daftari lake, akalifunga.

Garini Sajini alikuwa na jibu tayari. "Tarishi ni mwongo. Amepiga picha mlango wowote, akaapa."

"Mwongo angepiga picha mlango wowote, ndiyo. Huyu ameupata wenyewe. Twende tukamuulize ameupata wapi."

*

Tarishi wa Idara ya Ardhi alikuwa na ofisi chini ya ngazi: kiti, chupa ya chai, simu ndogo ya tochi, na nyundo iliyotundikwa ukutani kwa kamba. Wenzake walimwita Mzee Barua. Alikuwa amebakiza miezi minne kustaafu, na alipoona sare alisimama wima.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, afande. Karibu, ingawa pa kukukaribisha ndipo hapa."

Kobe akakaa juu ya boksi la karatasi. "Mzee, hii notisi unaikumbuka?"

Mzee Barua hakuangalia maandishi. Aliangalia namba ya juu. "Naikumbuka. Nimepeleka karatasi miaka thelathini na moja, sijapoteza hata moja. Hii niliibandika mwenyewe, kwa nyundo hiyo."

"Wapi?"

"Mlango wa Seremala."

"Misumari mingapi?"

"Minne. Pembe zote. Mimi si mtu wa kubandika kwa gundi."

"Ulipiga hodi?"

"Nilipiga. Mara tatu, kama utaratibu unavyotaka."

"Nani alikuitika?"

"Nani aitike, na bosi alikuwa kikaoni?"

Sajini, aliyekuwa ameegemea ukuta, akaacha kuegemea. Kobe hakubadilisha sauti hata kidogo.

"Bosi yupi, mzee?"

"Afisa. Si mlango wake?" Mzee Barua aliwatazama mmoja mmoja kama watu wazito wa kuelewa. "Mlango wa Seremala. Mlango wa ofisi ya Afisa, juu, chumba cha tisa. Hapa sote tunauita hivyo tangu uletwe, maana ofisi nzima milango ni ya mbao za kubandika, huo tu ndio umetengenezwa na mtu. Karani wa masjala akanipa karatasi akaniambia, 'Mzee, hii kabandike mlango wa Seremala.' Nikapanda ngazi, nikabandika."

"Hukushangaa? Notisi ya mtu mwingine, kwenye mlango wa mkubwa wako?"

"Mimi nabeba barua, sisomi barua za watu. Serikali ina mambo yake. Nilidhani labda bosi anataka aione kila akiingia, asisahau."

"Na kiapo hiki kinasema 'kwa mhusika.'"

"Kiliandikwa juu. Nikaitwa nisaini. Nilisaini."

"Lini?"

Mzee Barua akafikiri. "Siku ile ile aliyokufa yule bwana aliyeangukiwa na ukuta. Jioni." Alipolitamka, ndipo alipolisikia. Mkono wake ukatafuta kiti nyuma yake, ukakikosa, ukakitafuta tena. "Afande. Yule bwana ndiye... ndiye seremala wa karatasi hiyo?"

"Ndiye, mzee."

Mzee Barua alikaa. Alitazama nyundo yake ukutani. Kobe alimwacha, kwa sababu hakuna swali lililobaki ambalo uso ule haukuwa umelijibu, na alimwonea huruma kuliko alivyotegemea.

*

Mlango wa chumba cha tisa ulikuwa mzuri kweli. Mninga mwekundu, paneli sita, fundo kama figo chini ya kitasa. Lakini kwa juu kulikuwa na kijibao cha kuongezea, kinene upande mmoja na chembamba upande wa pili, cha kuziba pengo: mlango uliokatwa mshazari kufuata fremu iliyopinda ulikuwa umetiwa kwenye fremu iliyonyooka. Kobe akakitazama kile kijibao kwa muda ambao Sajini alihesabu kuwa dakika nzima. Kisha akapitisha kucha katikati ya mlango. Nta ikatoka, tundu likabaki. La pili. La tatu. La nne.

Akapiga hodi.

"Ingia!" Afisa Ardhi alikuwa mtu mwenye afya na sauti ya mkutano. "Ah, afande! Mmeshamaliza ile ajali yetu?"

"Karibu tunamaliza. Nimekuja na swali moja la picha. Aliipiga nani?"

"Tarishi, bila shaka."

"Tarishi ana simu ya tochi tu, haina kamera."

Afisa akapanga kalamu zake mezani. "Basi karani. Sikumbuki. Muhimu ni kwamba notisi ilibandikwa kwenye mlango wa nyumba ya mhusika, na picha ipo."

"Hilo ni kweli kabisa," Kobe alisema. "Ilibandikwa kwenye mlango wa nyumba yake. Ila nyumba ilikuwa mtaa mwingine, na mlango ulikuwa hapa."

Nje kwenye korido mtu alikuwa anacheka na simu.

"Uliporudi kutoka kikaoni," Kobe aliendelea, "ulikuta karatasi kwenye mlango wako. Ukaisoma. Ukajua mzee amekosea. Pengine ulipiga picha ili umkaripie. Halafu ukapiga hesabu: kuipeleka tena ni kuanza siku tisini upya, ratiba ya barabara haina hata siku moja ya ziada, na itabidi uwaambie wakubwa kwamba umechelewa. Ukaing'oa, ukaziba matundu kwa nta. Siku tisini zikaanza kuhesabiwa kwa mtu ambaye hajui kama kuna hesabu."

"Ni dhana zako hizo."

"Dereva wa katapila anasema alipofika alipiga honi mara tatu, akaona kuna pazia na kuna nguo kwenye kamba. Akakupigia simu. Ukamwambia nini?"

Afisa akazipanga upya kalamu zile zile.

"Dereva ameyaandika maneno yako. 'Mhusika aliarifiwa, nyumba imehamwa, ingia.' Nani alikuambia imehamwa?"

"Afande, sikiliza." Sauti ya mkutano ilirudi, safari hii imepakwa asali. "Ile barabara ni ya watu laki mbili. Wagonjwa watapita pale, wanafunzi watapita pale. Haja ya umma ipo, fidia yake ilikuwa imetengwa. Ningesimamisha yote kwa ajili ya karatasi moja iliyokosea mlango?"

"Katiba haikukataza barabara, mheshimiwa. Imesema mtu aambiwe kwanza, ili kama ana la kusema akalisemee kwa hakimu. Na kama hana, atoke na roho yake." Kobe akageukia mlangoni. "Sajini, una bisibisi?"

"Garini, afande."

"Ilete. Tunaondoka na huu mlango."

Afisa alisimama, kiti kikagonga ukuta. "Huwezi! Hii ni ofisi! Huwezi kuja tu ukachukua kitu cha mtu bila hata taarifa!"

Kobe hakucheka, ingawa Sajini aliapa baadaye kwamba yeye alishindwa kujizuia huko kwenye ngazi. Alikaa kwenye kiti cha wageni, akatoa kitabu cha hati, akaandika polepole, nakala mbili, kwa mwandiko unaosomeka. Akakata moja, akaisukuma mezani.

"Hati ya kukamata kielelezo. Imeeleza kinachochukuliwa, sababu yake, na sheria inayoniruhusu. Ukitaka kupinga, hakimu yupo kesho saa tatu asubuhi, na anakusikiliza. Soma yote, sina haraka. Halafu saini hapa kwamba umearifiwa, uandike na saa."

Afisa aliisoma mara mbili. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Akasaini.

"Sasa vaa koti," Kobe alisema. "Na wewe tunaondoka nawe."

Saa kumi kasoro robo alimpigia simu Mkuu. Alimwambia jalada halifungwi leo, na kwamba neno ajali amelifuta, ameandika kuua bila kukusudia. Mkuu alizungumza kwa muda mrefu na kwa sauti kubwa. Kobe alisikiliza yote, akasema, "Sawa Mkuu, niandikie kwa barua," na simu ikakatwa upande wa pili. Alijua Mkuu hataandika. Alijua pia kwamba yeye mwenyewe kufikia mwisho wa mwezi huenda akahamishiwa kituo ambacho hata barabara hakina.

*

Mjane alikuwa bado pale kwenye meza ya kurandia. Alipowaona wanashuka garini alijifuta uso kwa haraka.

"Mama," Kobe alisema, "karatasi haikufika hapa. Ilibandikwa kwenye mlango wenu, ni kweli, lakini mlango ulikuwa ofisini kwa yule mkubwa aliyeuchukua. Aliyekosea ni mzee asiye na hila, aliambiwa mlango wa Seremala akadhani ni ule. Aliyejua kosa akanyamaza tumemkamata."

Mjane alitikisa kichwa taratibu. Hakuonekana kufarijika. "Kwa hiyo karatasi haikuja. Lakini habari huja kwa midomo, mwanangu. Huenda aliambiwa njiani. Huenda alijua vile vile."

Kobe alikwisha fikiri hilo. "Sajini, nisaidie huku."

Wakalitoa bati, wakaunyanyua ule mlango mpya. Ulikuwa mzito, Sajini akalalamika mgongo. Wakaubeba katikati ya kifusi mpaka kwenye fremu iliyobaki imesimama, ile iliyolala kushoto, yenye waya wa pazia. Kobe akausogeza waya kando. Wakausimamisha mlango, wakausukuma.

Ukaingia. Kushoto ukagusa, kulia ukagusa, na kule juu, pale palipopinda, mbao ikaenda sambamba na fremu bila kuacha nafasi ya kupitisha karatasi. Haukuwa na kosa la kipimo hata la nywele. Ulikuwa umekatwa kwa ajili ya fremu hiyo moja duniani.

"Anayejua nyumba inabomolewa haitengenezei mlango, mama," Kobe alisema. "Asubuhi ile alitaka uchelewe kliniki ili ukirudi uukute umeshatiwa."

Mjane alishuka mezani. Akaja mpaka pale, akaweka kiganja juu ya mbao ambayo haikuwa na vanishi, na vumbi la randa likamshika vidoleni. Upepo ulipita kila upande wa mlango.

"Kumbe wiki ijayo yenyewe," alisema, "ilikuwa ndiyo hii."